Jenerali Mahone na Deni la Virginia

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Walinena pia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Methali hizi zote mbili ni za kweli, lakini hakuna hata moja inayomwongoza mtunza hazina siku ile anapokuta kwamba fedha iliyomo sandukuni haitoshi kumridhisha mdai na kumlipa mwalimu kwa wakati mmoja. Ni kwa ajili ya siku kama hiyo kwamba leo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu, wananchi wa visiwani pamoja na watumishi wa Serikali, maisha ya mtu mmoja wa mbali aliyekwisha kufa zamani: William Mahone wa Jimbo la Virginia, nchini Marekani.

Mahone alizaliwa tarehe 1 Desemba, 1826, katika wilaya ya Southampton, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni. Alihitimu katika chuo cha kijeshi cha Virginia mwaka 1847, akawa mhandisi wa reli. Alijipatia sifa kwa kuipitisha njia ya reli katikati ya kinamasi kikubwa kati ya Norfolk na Petersburg, akiiweka juu ya msingi wa magogo. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye sauti nyembamba, lakini mwenye nia isiyopindika.

Hatutamsifu kwa yale yasiyostahili sifa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 alipigana upande wa majimbo yaliyotaka utumwa udumu, akapanda hadi cheo cha jenerali. Katika mapigano ya Petersburg ya Julai 30, 1864, ambayo ndiyo yaliyomletea umaarufu mkubwa, askari wengi weusi wa upande wa pili waliuawa hata baada ya kusalimu amri. Jambo hilo halifutiki katika daftari lake.

Vita vilipokwisha mwaka 1865, Virginia ilibaki magofu, nayo ilikuwa imezongwa na deni. Kabla ya vita jimbo lilikuwa limekopa mamilioni ili kujenga mifereji, barabara na reli. Kufika mwaka 1871 deni hilo, pamoja na riba, lilikuwa karibu dola milioni 45. Mwaka huo Baraza la Kutunga Sheria likapitisha sheria iliyoacha theluthi moja iwe juu ya Virginia Magharibi, sehemu iliyojitenga wakati wa vita, na kuahidi kulipa theluthi mbili kwa riba ya asilimia 6. Tena hati za deni hilo zilifungamanishwa na kuponi ambazo mwenye nazo aliweza kuzitumia kulipia kodi yake.

Matokeo yake hayakuchelewa. Wenye uwezo walinunua kuponi kwa bei ya chini wakalipia kodi kwa karatasi hizo, na hazina ikapokea karatasi badala ya fedha. Wakati huo huo katiba mpya ya jimbo ilikuwa imeamuru shule za umma kwa watoto wote, weupe na weusi. Fedha za shule zikahamishwa kwenda kwenye riba, walimu wakakosa mishahara, na shule nyingi zikafungwa. Wakubwa wa siku zile walishikilia kwamba heshima ya jimbo ni kumlipa mdai kwanza.

Mahone alilikataa wazo hilo. Mwezi Februari, 1879, yeye na wenzake waliunda chama kilichoitwa Readjusters, yaani Warekebishaji, kikiwaunganisha wakulima weupe wa milimani na wananchi weusi walioachiwa huru si miaka mingi iliyopita. Mwaka huo huo chama kilishinda uchaguzi wa Baraza. Gavana aliyekuwepo aliukataa muswada wao wa deni; lakini mwaka 1881 walishinda na kiti cha ugavana pia, na mwaka 1882 kazi ikaanza.

Deni lilihesabiwa upya likawa kiasi cha dola milioni 21, na riba ikashushwa hadi asilimia 3. Kodi ya mali ilipunguzwa. Kodi ya kichwa, ambayo asiyeilipa hakuruhusiwa kupiga kura, ilifutwa, na adhabu ya kuchapwa viboko hadharani ikaondolewa. Fedha zikarudi shuleni. Kwa muswada wa mjumbe mweusi, Alfred W. Harris, chuo cha kuwasomesha weusi kikaanzishwa Petersburg, na dola 100,000 zikatengwa kwa ajili yake kutokana na mauzo ya reli ambayo Mahone mwenyewe aliwahi kuiongoza.

Lakini hapana budi tuseme na lililomwangusha. Mahone, akiwa Seneta huko Washington, alikiendesha chama kama kampuni yake. Wagombea walitakiwa kuahidi kwa maandishi kwamba watafuata uamuzi wa kikao cha chama, na watumishi wa serikali walikatwa mishahara kugharimia kampeni. Wenzake kadhaa walimwacha. Wapinzani nao walichochea chuki ya rangi. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Novemba, 1883, watu weusi waliuawa kwa risasi mjini Danville. Hofu ikatanda, na Warekebishaji wakashindwa. Mahone alipoteza useneta, akagombea ugavana mwaka 1889 bila mafanikio, akafariki Washington tarehe 8 Oktoba, 1895. Mwaka 1902 katiba nyingine iliirudisha kodi ya kichwa, na maelfu ya watu wakanyang'anywa kura kwa miongo mingi.

Sisi twaona kwamba Mahone hakukana deni. Alikataa tu kwamba mtoto wa masikini alilipe peke yake, kwa ujinga wake. Hilo lilikuwa haki, na ushahidi ni kwamba hata wapinzani wake waliposhika madaraka waliikubali ile sheria ya deni ya mwaka 1882, na chuo cha Petersburg kingali kinafundisha hadi leo. Kilichoanguka ni kile kilichotegemea mkono wa mtu mmoja.

Basi kwa wale wenye dhamana ya kukisia mapato na matumizi, funzo ni la mapema kuliko siku ya kulipa. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa mkopo, na waulize ni fungu lipi litakaloguswa kwanza mambo yakiharibika. Na mwananchi anayo haki ya kulisikia jibu hilo kabla ya wino kukauka, wala si siku atakapomwona mwanawe amerudishwa kutoka shuleni.