Siti binti Saad: Aliitwa Mtumwa, akaimba mpaka kwa Sultani

Abiria wa Mpanda akipanda treni kwenda Tabora anaingia Unyamwezini. Huko ndiko ilikokuwa asili ya Saad, baba wa malkia wa kwanza wa taarab. Mama yake Siti alikuwa Mzigua.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, kwenye familia iliyopitia utumwa. Jina alilopewa? Mtumwa. Hebu fikiria kumwita mwanao hivyo! Siti, yaani bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye, sifa ziliposhika kasi.

Shule hakuiona. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza kwa miguu mpaka mjini, akinadi kwa sauti iliyowavuta watu kuliko vyungu vyenyewe. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja, na mwanamuziki Ali Muhsin akamfundisha kuimba.

Wakati huo taarab ilikuwa mambo ya ikulu, tena kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, ikaeleweka hadi kwa wapagazi na wapishi wa Ng'ambo. Wenye kinyongo wakamsema: katoka shamba na kaniki, hana sura, hana ukoo. Akawajibu kwa wimbo.

Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, na wenzake kurekodi. Ndiye mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kutoa sahani za santuri, na ziliuzwa kwa maelfu.

Ila kwangu mimi, ukubwa wake upo kwenye wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka bara, tena mjamzito, aliuawa Unguja. Kijiti, aliyetuhumiwa, akatorokea bara. Mahakama ikawageukia wanawake wawili waliokuja kutoa ushahidi, wao ndio wakaadhibiwa! Magazeti ya wakoloni hayakuwa ya kutetea wanawake maskini. Siti aliiimba kesi hiyo, ikazunguka kwenye santuri, na jina la Kijiti halijasahaulika mpaka leo.

Alifariki Julai 1950. Muda mfupi kabla, Shaaban Robert alimtembelea, na baadaye akaandika wasifu wake. Bi Kidude, aliyefariki 2013, alijifunza kuimba kwa kumsikiliza yeye.

Mtafute kwenye simu yako, nyimbo zake zipo. Sauti inakwaruza kidogo, santuri ni za zamani mno, lakini ni yeye mwenyewe.