Ng'wanamalundi: Mtu Aliyeinyooshea Miti Kidole

Leo tunamtazama mtu ambaye watoto wengi wa Usukumani, kuanzia Mwanza na Magu kando ya Ziwa Victoria hadi Kwimba na Shinyanga, wamesikia habari zake kwa babu na bibi zao. Wengi tunamwita Mwanamalundi. Kwa Kisukuma ni Ng'wanamalundi.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Igulu Bugomola. Alizaliwa Nera, upande wa Kwimba, mwishoni mwa karne ya 19. Malundi ni miguu, na inasimuliwa kwamba alipata jina hilo kwa sababu miguu yake ilikuwa mirefu kupita ya wenzake.

Miguu hiyo haikukaa bure. Ng'wanamalundi alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma. Usukumani ngoma ni mashindano. Tangu karne ya 19 wachezaji wamegawanyika pande mbili, Bagalu na Bagika, na waasisi wanaotajwa ni waganga wawili, Gumha na Ngika. Baada ya mavuno, pande hizo hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Ndiyo maana kila manju alitafuta samba, dawa ya kuvuta watu. Lakini dawa peke yake haikutosha. Ilibidi ujue kucheza, kutunga nyimbo, kumtania mpinzani mpaka watu wake mwenyewe wacheke, halafu wahamie kwako.

Sifa yake ikavuka uwanja wa ngoma. Inasimuliwa kwamba akinyoosha kidole kwenye mti, mti unakauka pale pale. Wengine wanasema aliacha alama za nyayo zake juu ya jiwe. Sisi hatukuwepo, na mti wenyewe hauwezi kutoa ushahidi. Ila fikiria upande wa Mjerumani, ambaye alikuwa akiwahimiza watu walime pamba: serikali gani ingemwacha mtu wa namna hiyo atembee karibu na shamba? Masimulizi yanasema walimkamata, wakampeleka kifungoni mbali huko pwani, na kwamba baadaye alirudi kwao akiwa hai, na jina lake limekuwa kubwa kuliko alivyoondoka. Alifariki mwaka 1936.

Kwa nini bado anakumbukwa? Sisi tunaona ni kwa sababu watu wake, waliokuwa wakilipishwa kodi na kupangiwa kazi na wageni, walipata kwake kitu cha kuwanyanyua vichwa. Mtu wa kwao, mchezaji ngoma, alimtia wasiwasi mtawala mwenye bunduki. Hadithi kama hiyo inampa mtu nguvu ya kuamka kesho.

Nguvu ya namna hiyo binadamu anaitafuta kila mahali. Usukumani mfumu hupasua kuku na kusoma alama ndani ya mwili wake. Pale mwenye uhakika kuhusu kesho ni kuku peke yake, kwa sababu yeye hana kesho. Ulaya wana karata ziitwazo taroti. Zilianzia Italia katika karne ya 15 kama karata za kuchezea tu, na ilipofika karne ya 18 watu wa Ufaransa wakaanza kuzipigia ramli. Kuku au karata, anayekwenda huko mara nyingi anataka kitu kimoja: akae chini na mtu atakayemsikiliza, aseme linalomsumbua, kisha aondoke na ujasiri wa kuamua.

Hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale ramli inapotaja jirani. Sisi wa kanda hii tunajua gharama yake. Bibi vizee wameuawa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya uongo kwamba viungo hivyo vinaleta utajiri. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Tiba asili yenyewe haikatazwi: ina sheria yake ya mwaka 2002, na waganga wake wanatakiwa kusajiliwa.

Kwa hiyo ukitaka kupima ushauri wowote, uwe wa mganga, wa karata au wa rafiki kijiweni, jiulize umeondoka na nini. Ukiondoka na kazi ya kufanya, kama kupatana na ndugu, kwenda zahanati au kupanda mapema, umepata mwongozo. Ukiondoka na jina la adui, umeuziwa balaa. Na ukiambiwa umdhuru mtu, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi.

Ng'wanamalundi, kwa jinsi anavyosimuliwa, alikuwa na kidole kikali kuliko cha mpiga ramli yeyote wa leo. Anakumbukwa kwa kuinyooshea miti. Jioni ya leo waulize wazee wa nyumbani kwako wanamsimulia vipi. Usishangae kila mmoja akikupa mti wake.