Sadi Carnot, mutu aliyepima nguvu ya moto
Sadi Carnot alizaliwa Paris tarehe 1/6/1796. Baba yake, Lazare, alikuwa mukubwa wa jeshi na serikali, tena fundi wa hesabu. Mu 1812, akiwa na miaka 16, Sadi aliingia École Polytechnique, kisha akawa ofisa wa jeshi.

Wakati ule Waingereza walikuwa mbele ya Wafaransa kwa mashini za mvuke. Zilianza kazi ku migodi: tangu 1712, mashini ya Newcomen ilikuwa inatoa maji mu mashimo ya makala ya mawe. Siye watu wa Katanga tunajua, mugodi ukijaa maji, kazi imekufa. Lakini mashini zile zilikula makala mengi na kazi ikatoka kidogo. Mafundi walizitengeneza kwa kujaribu-jaribu tu. Carnot akajiuliza: moto unaweza kutoa kazi mpaka wapi?

Jibu lake lilitoka mu 1824, mu kitabu kidogo. Tuangalie Mwadingusha. Maji ya Lufira yanazungusha turbini kwa sababu yanaanguka toka juu kwenda chini. Maji yaliyotulia, hata yawe mengi namna gani, hayazungushi kitu. Joto nalo linatoa kazi wakati linatoka pa moto kwenda pa baridi, na tofauti ikiwa kubwa, kazi nayo inaweza kuwa kubwa. Lakini lazima sehemu ya joto ifike pa baridi. Hakuna fundi anayeweza kuigeuza yote kuwa kazi.

Watu wachache sana walisoma kitabu kile. Mu 1832 kolera iliingia Paris. Carnot akakufa tarehe 24/8, na miaka 36 tu. Kwa kuogopa ugonjwa, vitu vyake na karatasi nyingi vilichomwa. Kitabu kiliokolewa na Clapeyron, aliyekieleza upya mu 1834. Kisha Mujerumani Clausius alisahihisha pale Carnot alipokosea, maana alifikiri joto halipunguki mashini ikifanya kazi. Mu 1865 Clausius akatoa jina: entropia.

Entropia njo kipimo cha kutawanyika. Weka chumvi mu maji: inatawanyika yenyewe, na hakuna mutu aliyeiona ikijikusanya tena. Sheria ya pili inasema hivi: ukijumlisha yote, kutawanyika hakupunguki.

Basi shaba inajikusanya namna gani? Wazee wetu waliyeyusha malakiti kwa makala mu furu za udongo wa kichuguu. Shaba ilibaki chini, imetengana na jiwe. Sheria haikuvunjwa, kwa sababu makala yalilipa: yaliungua, na joto na moshi vikatawanyika hewani, zaidi ya shaba ilivyojikusanya. Tangu 1911, furu kubwa za Lubumbashi zilifuata sheria ile ile. Shemine na terili, ule mulima mweusi, vinatuonyesha bei iliyolipwa.

Kuchanganya ni rahisi, kutenganisha kuna bei. Mafundi wanaweza kuipunguza bei ile kwa furu nzuri, lakini kuifuta hapana. Ba papa na ba mama, mutu akikuja kuwauzishia mashini inayogeuza moto wote kuwa kazi, bila joto kupotea hata kidogo, mufunge mufuko. Carnot alishamaliza kesi ile miaka 200 iliyopita.