Maisha ya Watu Mashuhuri: Harriet Powers na Mfarishi Wake

Hapa kwetu Bodo hakuna asiyejua leso. Lakini je, wajua kwamba leso ilianza kwa kuungwa? Katika karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua vitambaa vya mkono vilivyoletwa na wafanyabiashara, wakaviunga sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, likawa vazi moja. Aliyewahi kuunga vitambaa ajua si mchezo. Ukikosea kidogo tu kukata kipande cha kwanza, kosa lakua kila unapoongeza kingine, na mwishowe pembe hazikutani. Ndiyo maana fundi hupima kwanza, akatia alama kwa chaki, akabana kwa pini pale mishono inapokutana, ndipo akashona.

Leo nawaletea habari za mama mmoja wa Marekani ambaye mistari yake haikukutana, na bado jina lake lingali latajwa.

Harriet Powers alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837 katika jimbo la Georgia. Alizaliwa mtumwa. Mwaka 1855 aliolewa na Armstead Powers, wakajaliwa watoto wasiopungua tisa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo vilipokwisha mwaka 1865, wakawa huru. Baadaye yeye na mumewe walipata shamba dogo la ekari nne karibu na mji wa Athens.

Kazi iliyompa sifa ni kushona mfarishi. Mfarishi ni kama blanketi lenye matabaka matatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa, yote yakashonwa pamoja. Mafundi wengi hupanga miraba iliyo sawasawa, na kati ya mraba na mraba hutia mkanda wa kitambaa, mikanda ikanyooka toka juu hadi chini kama barabara. Harriet hakufanya hivyo. Mfarishi wake wa kwanza unaojulikana una picha 11 katika safu tatu, na picha hazilingani upana. Basi mkanda wa safu moja hauangukii juu ya mkanda wa safu inayofuata. Alikata maumbo ya watu, wanyama na nyota, jumla vipande 299, akayashonea juu ya kitambaa. Mna Adamu na Hawa bustanini, Kabili akimwua Habili, ndoto ya Yakobo, hadi karamu ya mwisho ya Yesu. Wataalamu wameufananisha ufundi huo na ule wa Dahomey, Afrika Magharibi.

Mwaka 1886 aliupeleka kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens. Hapo mwalimu mmoja wa uchoraji, mwanamke Mzungu kwa jina Jennie Smith, aliuona akautaka. Harriet alikataa katakata kuuza, kwa bei yoyote ile.

Lakini wahenga walisema, mwenye shida hachagui. Miaka michache baadaye mambo yakawa magumu nyumbani. Mwaka 1891 Harriet alipanda mkokoteni wa ng'ombe, mfarishi kaupakata, umetiwa ndani ya gunia safi. Alitaka dola 10. Jennie hakuwa na zaidi ya dola 5. Harriet akaenda kushauriana na mumewe, naye akamwambia azipokee tu kwa vile hali ilikuwa ngumu. Basi akauza kwa nusu bei. Lakini kabla ya kuondoka alimweleza Jennie kisa cha kila picha, moja baada ya moja, na Jennie akayaandika. Na baada ya hapo alirudi mara kadhaa kuutazama, mithili ya mama anayemzuru mwanawe aliyeozwa mbali.

Baadaye alishona mwingine wa picha 15. Humo alitia hata mambo yaliyotokea kweli, kama usiku wa mwaka 1833 nyota zilipoanguka kama mvua, na baridi kali ya Februari 1895. Kwa miaka mingi watu walidhani hakujua kusoma, lakini barua yake ilikuja kupatikana na kuonyesha kwamba alijua.

Harriet alifariki tarehe 1 Januari 1910. Kaburi lake lilisahauliwa, likatambuliwa tena mwaka 2005. Mfarishi wa kwanza umehifadhiwa Washington, wa pili Boston, katika majumba makubwa ya makumbusho. Mwaka 2021 yote miwili ilionyeshwa pamoja huko Boston kwa mara ya kwanza.

Twajifunza nini hapa? Sisemi tusinyooshe mishono. Mwalimu wa ushoni asije akanilaumu! Nyoosha, pima, bana pini. Lakini tukumbuke kwamba tunamjua Harriet kwa sababu alieleza kazi yake na mtu akaandika. Wale mabibi wa mwambao walioanza kuunga leso, nani ajuaye majina yao? Hakuna. Nyanya zetu hapa Bodo bado wapo, na wana mengi. Basi likizo hii, mwanachama wa chama chetu cha Kiswahili, keti na nyanya yako anaposhona. Muulize. Kisha chukua kalamu uandike, na jina lake ulitie juu kabisa.