Edward Saidi Tingatinga: Mtoto wa Tunduru aliyechora pori akiwa Msasani

Msikilizaji, ukitaja tingatinga kijijini, wengi watafikiria trekta au lile gari kubwa la kuchonga barabara. Kule Msasani, Dar es Salaam, jina hilo ni la mtu. Leo ni jina la aina nzima ya uchoraji inayojulikana hadi Ulaya na Japani.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Baba yake alikuwa Mngindo, mama yake Mmakua. Walikuwa wakulima wasio na kitu, na Edward hakusoma sana. Aliyelelewa Tunduru miaka hiyo hakuhitaji kitabu ili amjue tembo, maana pori lilianzia nyuma ya shamba. Mtoto alijifunza mapema ni sauti ipi ya usiku ya kuogopa na ni mnyama yupi atakayemaliza mahindi kabla ya mavuno.

Jambo jingine ni nyumba zenyewe. Katika baadhi ya vijiji vya kusini kulikuwa na desturi ya kupamba kuta za udongo kwa michoro ya watu na wanyama. Wapo watafiti wanaosema hapo ndipo mkono wa Tingatinga ulipoanzia. Wengine wanasema aliiga picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam. Nionavyo mimi, yote mawili yanawezekana. Picha za Wakongo zingeweza kumwonyesha kwamba picha inauzwa. Wanyama alikuwa nao tangu utotoni.

Miaka ya 1950 aliondoka nyumbani kutafuta kazi, kama vijana wengi wa kusini. Alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam. Huko alishika kila kibarua alichopata: bustani za Wazungu, kuuza mboga, baadaye kazi ya chini hospitalini. Alikaa Msasani, sehemu ambayo leo ni ya Kinondoni, jirani na majumba ya Oysterbay.

Alianza kuchora kwa kuuza karibu mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36 hivi. Hakuwahi kufundishwa. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, kwa hiyo alichukua hadibodi, zile mbao nyembamba ambazo mafundi hufungia dari, akazikata mraba. Rangi ilikuwa ile ya mafuta ya kupakia baiskeli. Inang'aa na haiogopi maji.

Na alichora nini? Bahari ilikuwa hatua chache tu kutoka alipoishi, na magari yalipita kila siku. Yeye alichora chui, nyati, tembo na ndege. Mara nyingi ni mnyama mmoja tu, amejaa kwenye kibao chote, nyuma yake rangi moja isiyo na kitu. Chui wake ana macho makubwa yanayomtazama mtu moja kwa moja. Ndivyo mtoto anavyomkumbuka mnyama, mkubwa kuliko kila kitu kilichomzunguka.

Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, wanunuzi wengi wakiwa wageni. Kampuni ya taifa ya sanaa nayo ikaanza kununua. Fedha ilipoonekana, ndugu na jamaa kutoka kusini walimfuata, naye akawapa brashi. Mmoja wao, Simon Mpata, baadaye alihamia Kenya na kupata jina lake mwenyewe.

Raha hiyo haikudumu. Usiku mmoja mwaka 1972, Tingatinga akiwa ndani ya gari na wenzake, polisi waliwadhania kuwa wahalifu, wakawafukuza na kufyatua risasi. Ilimpata yeye. Alikuwa na miaka 40, ameacha mke na watoto wawili wadogo. Kazi yake ya uchoraji ilikuwa na umri wa miaka minne tu.

Wanafunzi wake waliendelea kuchora pale pale, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kinachobeba jina lake. Hadi leo kipo Oysterbay, na tembo na chui wangali wanapakwa rangi ile ile ya mafuta.