Adolf von Harnack, Mtunza Vitabu wa Berlin

Habari za watu waliohubiri Injili tumezisoma mara nyingi katika kurasa hizi, na habari za waliotafsiri Biblia vivyo hivyo. Habari za waliotunza vitabu ni chache. Mtu husoma kitabu akamshukuru aliyekiandika, wala haulizi ni nani aliyekihifadhi miaka mia tatu kisiliwe na mchwa wala kisiteketee kwa moto. Sisi watu wa Kanoni na wa Karagwe yote twaijua hasara ya kukosa mtunzaji. Habari za wafalme wetu ziliwekwa vinywani mwa wazee, na wazee wengi wakalala nazo kaburini. Mtu akitaka leo kusoma jinsi Mfalme Rumanyika alivyowapokea Speke na Grant mwaka 1861, hana budi kukishika kitabu cha Speke mwenyewe, mgeni aliyekuwa akipita njia.

Nchi yetu ilijengewa Maktaba Kuu ya Taifa huko Dar es Salaam, nayo ikafunguliwa mwaka 1967, miaka sita baada ya uhuru. Kazi yake bado ni changa. Kwa hiyo nataka kuwasimulia habari za mtunza maktaba wa taifa jingine, yaani Ujerumani, nchi walikotoka wamisionari wa Betheli waliofika Bukoba mwaka 1910. Siku zile walipofika, mtu huyu alikuwa amekwisha kukaa miaka mitano katika kiti cha mkuu wa maktaba ya mfalme. Alizaliwa na kulelewa katika Kanisa la Kilutheri, ingawa Walutheri wengi walimwogopa, nami nitaeleza kwa nini.

Jina lake ni Adolf Harnack. Alizaliwa tarehe 7 Mei 1851 katika mji wa Dorpat, ambao sasa huitwa Tartu, katika nchi ya Estonia. Siku hizo nchi hiyo ilikuwa chini ya Mfalme wa Urusi, lakini wenye elimu wa mji ule wengi walikuwa Wajerumani. Alizaliwa pacha, na ndugu yake Axel akawa baadaye mwalimu wa hesabu. Baba yao, Theodosius Harnack, alikuwa mwalimu wa theolojia katika chuo kikuu, mtu wa imani imara ya Kilutheri, aliyemsoma Luther kwa bidii kuu. Mama yao alifariki watoto wangali wadogo. Basi Adolf alikulia katika nyumba ya vitabu na sala, akasoma Dorpat, kisha akaenda Leipzig, ambako alipata shahada yake mwaka 1873 na kuanza kufundisha historia ya Kanisa. Kutoka huko aliitwa Giessen mwaka 1879, na Marburg mwaka 1886.

Ndipo msiba wa nyumba yao ulipoanza. Alitoa kitabu kikubwa juu ya historia ya mafundisho ya Kanisa, na ndani yake alisema kwamba mafundisho mengi tunayoyashika yalivikwa vazi la Wayunani katika karne za kwanza, hata Injili yenyewe ikawa kama imefunikwa. Theodosius alipokisoma alihuzunika sana. Alimwandikia mwanawe waziwazi kwamba mtu anayesema hivyo juu ya ufufuo wa Bwana Yesu, yeye kama baba hawezi tena kumhesabu kuwa mwalimu wa theolojia ya Kikristo. Fikirini, ninyi wazazi mliowapeleka watoto shule, ni uchungu gani kwa baba kuandika barua ya namna hiyo, na kwa mwana kuipokea. Hata hivyo hakuna aliyemtukana mwenzake.

Mwaka 1888 Chuo Kikuu cha Berlin kilimtaka. Baraza kuu la Kanisa la Prussia likakataa, likisema kwamba mtu huyu ana mashaka juu ya miujiza na juu ya mambo mengine ya imani. Shauri likapelekwa kwa Bismarck, waziri mkuu, na kwa Kaisari Wilhelm wa Pili, aliyekuwa ametawazwa mwaka ule ule. Nao wakaamua kwamba aende Berlin. Akaenda. Miaka minne baadaye yalizuka matata mengine, safari hii juu ya Imani ya Mitume, kama ni lazima mchungaji aikiri yote neno kwa neno. Harnack hakutaka ifutwe, ila aliona kwamba kwa mtu aliyeelimika baadhi ya maneno yake ni mazito. Tangu hapo Kanisa halikumwamini. Aliwafundisha vijana waliokuwa wakijiandaa kuwa wachungaji, lakini Kanisa halikumpa ruhusa ya kuwatahini.

Kwa upande wangu, sioni kwamba baraza lile lilikosa kuogopa. Katika uzee wake aliandika kitabu juu ya Marcion, yule mzushi wa kale, akafika hata kusema kwamba wakati umefika Waprotestanti wasilihesabu Agano la Kale kuwa na mamlaka sawa na Jipya. Mtu wa kwetu, mwenye ng'ombe, asomaye habari za Ibrahimu na Loti na wachungaji wao waliogombana, hawezi kukubali neno hilo. Lakini mtu huyo huyo, mwaka 1902, alitoa kitabu juu ya kuenea kwa Ukristo katika miaka mia tatu ya kwanza, na humo alionyesha kwamba Injili haikuenezwa hasa na wahubiri wenye cheo. Ilienezwa na wafanya biashara, watumwa, askari, na wanawake majumbani mwao, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mwinjilisti yeyote wa Buhaya au Karagwe atalielewa jambo hili mara moja, kwa kuwa hata kwetu wengi walilisikia Neno kwanza kwa ndugu zao waliorudi kutoka Uganda, kabla ya kumwona mmisionari.

Katika majira ya baridi ya 1899 na 1900 alitoa mafundisho juu ya kiini cha Ukristo, mbele ya wanafunzi mia sita hivi, si wa theolojia tu bali wa kila elimu. Hakuwa ameandika kitu. Mwanafunzi mmoja aliyajua maandishi ya mkato, akayanakili yote, na kitabu kikatoka katika nakala hiyo, kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Kama kijana yule asingekuwa na kalamu, maneno yale yangepotea hewani.

Mwaka 1905 serikali ilimpa Harnack uongozi wa Maktaba ya Kifalme ya Berlin. Maktaba hiyo ilianzishwa mwaka 1661, nayo ilikuwa na vitabu zaidi ya milioni moja, pamoja na maandishi ya mkono ya kale, na karatasi ambazo Johann Sebastian Bach aliandika nyimbo zake kwa mkono wake. Wakutubi wa zamani walinung'unika. Walisema kwamba kazi hii ni ufundi, nayo yapasa kupewa mtu aliyejifunza ufundi huo tangu ujana, wala si mwalimu wa theolojia ambaye angali ana wanafunzi wake na vitabu vyake vya kuandika. Manung'uniko yao yalikuwa na haki. Walakini yeye aliifanya kazi hiyo kwa bidii. Asubuhi alifundisha, kisha akaenda maktabani. Alitafuta fedha, akasimamia mipango, akapigania wakutubi wahesabiwe kuwa watu wa elimu. Aliwaza kwamba maktaba kubwa si ghala. Kitabu kisichoweza kupatikana kinapotakiwa, kwake kilikuwa kama kisichokuwapo. Kwa ajili hiyo orodha za vitabu zilikuwa jambo kubwa machoni pake, na mtu aliyetoka mbali akitafuta kitabu alipaswa kujibiwa kiko wapi.

Nyumba mpya ya maktaba ilikuwa imeanza kujengwa kabla yake, mwaka 1903, katika njia kuu ya Berlin iitwayo Unter den Linden. Ilikuwa jengo la ajabu, urefu wake mita 170 na upana wake mita 107, na katikati chumba cha kusomea chenye pembe nane na kuba kubwa juu yake. Tarehe 22 Machi 1914 Kaisari mwenyewe alikuja kuifungua. Siku hiyo alimpa Harnack cheo cha watu wa heshima, na tangu hapo jina lake likawa Adolf von Harnack. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1911 alikuwa rais wa kwanza wa Chama cha Kaiser Wilhelm, kilichojenga nyumba za uchunguzi wa sayansi. Mtoto wa mwalimu wa Dorpat alikuwa amefika juu kabisa.

Miezi mitano haikutimia, vita ikaanza. Kaisari alipotaka kuwatangazia watu wake vita mwezi Agosti, Harnack alikuwa miongoni mwa waliomwandalia maneno. Tarehe 25 Agosti askari wa Ujerumani waliingiza moto katika mji wa Leuven, nchi ya Ubelgiji, na maktaba ya chuo kikuu cha mji huo ikaungua, vitabu zaidi ya laki mbili, pamoja na maandishi ya kale ambayo hayana nakala duniani. Dunia yote ilishtuka. Mwezi wa Oktoba wenye elimu 93 wa Ujerumani walitoa waraka wa kuwatetea askari wao, wakikana kwamba Leuven ilitendewa ukatili. Na katika majina yale 93 lilikuwamo jina la Adolf von Harnack, mkuu wa maktaba kubwa kuliko zote za nchi yake.

Nimelifikiri jambo hili muda mrefu kuliko mengine yote ya maisha yake. Baadhi ya waliotia sahihi walisema baadaye kwamba hawakuusoma waraka kwanza. Lakini mtunza vitabu akisikia kwamba maktaba imeteketea, hana haja ya waraka, yapasa aulize. Mtu huyu aliyezoea kupima kila neno la mababa wa Kanisa, aulizaye ni nani aliyeandika na kwa ushahidi gani, siku ile hakupima neno la jemadari. Kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, Karl Barth, wakati huo mchungaji katika kijiji cha Uswisi, aliyaona majina ya walimu wake katika waraka ule, akahisi kwamba theolojia yao yote imetikisika. Tangu hapo akaanza kutafuta njia nyingine, na mwaka 1923 yeye na mwalimu wake wa zamani walijibizana hadharani kwa barua, kwa heshima, wala hawakupatana.

Haki inataka niseme pia kwamba mwaka 1915 Harnack alijiunga na wale waliopinga kunyang'anya nchi za wengine, na katika miaka iliyofuata alitaka mapatano. Mwezi Juni wa mwaka ule ule Waingereza waliushambulia mji wa Bukoba. Kabla vita haijakwisha wamisionari wa Betheli walikuwa wameondolewa, na washarika wakabaki na walimu wao Waafrika, kama wale waumini wasio na jina aliowaandika Harnack katika kitabu chake.

Katika mapatano ya Versailles ya 1919 Ujerumani iliagizwa kuipa Leuven vitabu na maandishi badala ya vile vilivyoungua. Mwaka huo huo Harnack alishauri katika kutengeneza katiba mpya ya nchi, katika mambo ya Kanisa na shule. Akaendelea kuilinda maktaba katika miaka ya njaa na upungufu wa fedha, mpaka mwaka 1921 alipostaafu. Serikali ilitaka kumtuma Marekani awe balozi, akakataa. Akabaki na chama chake cha sayansi, na wanafunzi wachache waliokuja nyumbani kwake kusoma habari za Kanisa la kale. Mmoja wao alikuwa Dietrich Bonhoeffer, ambaye alikuwa na imani tofauti na mzee wake, lakini alimpenda.

Alifariki huko Heidelberg tarehe 10 Juni 1930, akiwa safarini kwa kazi ya chama, umri wake miaka 79. Katika ibada ya kumbukumbu, Bonhoeffer alisimama kwa niaba ya wanafunzi wake. Binti yake Agnes aliandika kitabu cha maisha ya baba yake, kikatoka mwaka 1936, wakati ambapo Ujerumani ilikuwa mikononi mwa Hitler na si kila mtu alipenda kukumbushwa watu wa namna yake.

Vita ya pili ilipokuja, vitabu vya maktaba ya Berlin vilitolewa, vikafichwa katika majumba ya watawa, ngome na migodi. Mabomu yalivunja kuba la chumba cha kusomea. Mwanawe Ernst von Harnack, aliyeshiriki na watu waliompinga Hitler, alinyongwa Berlin tarehe 5 Machi 1945. Mwezi uliofuata Bonhoeffer alinyongwa pia. Baada ya vita vitabu vilivyosalia vikagawanyika, vingine mashariki mwa Berlin, vingine magharibi, vingine Poland ambako viko hata leo katika mji wa Kraków. Sehemu mbili za Berlin ziliunganishwa kuwa maktaba moja mwaka 1992. Na pale ambapo kuba la Harnack lilianguka, chumba kipya cha kusomea kilifunguliwa mwaka 2013.