Friedl Dicker-Brandeis, mwalimu aliyebeba rangi na karatasi kwenda geto

Tarehe 6 mwezi wa kumi mwaka wa 1944, gari la moshi lilitoka Terezín, mji wa Chekoslovakia uliokuwa chini ya Wajerumani, likielekea Auschwitz. Kati ya watu waliopakiwa ndani alikuwamo mwanamke mfupi wa miaka 46. Wengi siku ile walipanda kwa lazima. Yeye aliomba mwenyewe jina lake liandikwe, kwa sababu alitaka kumfuata bwana yake aliyepelekwa siku 8 mbele yake. Nyuma aliacha valizi 2 zilizojaa picha zilizochorwa na watoto, karibu 4,500.

Jina lake ni Friedl Dicker-Brandeis. Leo, watu wanaotumia sanaa ili kusaidia mioyo iliyoumizwa na vita, kufiwa ao kutendewa vibaya wanamhesabu kuwa kati ya wazazi wa kazi hiyo. Wakati wake kazi hiyo ilikuwa karibu haina jina. Anayesemwa kuwa wa kwanza kuiita tiba kwa njia ya sanaa ni mchoraji Mwingereza Adrian Hill, aliyekuwa amelazwa kwa ugonjwa wa kifua kikuu, na ilikuwa mwaka wa 1942. Mwaka uleule Friedl alifika Terezín.

Alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 30 mwezi wa saba mwaka wa 1898, katika jamaa ya Wayahudi wasio na mali. Mama yake alikufa Friedl akiwa na karibu miaka 4. Akabaki na baba, ambaye alifanya kazi katika duka la karatasi na vitu vya kuandikia. Ni pale duka, kati ya makreyo na madaftari, mtoto huyo asiye na mama alipopata vitu vya kuchezea. Alipokua alijifunza kupiga picha, kisha kufuma nguo, na akapitia kwa Franz Cižek, mwalimu wa Vienna aliyejulikana kwa kuwaacha watoto wachore namna wanavyoona wao, bila kuwalazimisha waige wakubwa.

Lakini mwalimu aliyemtia alama zaidi ni Johannes Itten, kutoka Uswisi. Huyu hakuanzisha somo kwa kreyo. Aliwasimamisha wanafunzi wapumue na kunyoosha mwili, kwa sababu aliamini kwamba mkono hauwezi kuchora mstari wa kweli ikiwa mwili umefungwa na moyo una haraka. Mwaka wa 1919 Itten aliitwa kufundisha Weimar, Ujerumani, katika shule mpya ya sanaa, Bauhaus. Friedl alimfuata na kubaki huko mpaka 1923. Pale alifuma, alichapa, alijalidi vitabu, na akajifunza karibu na wachoraji wakubwa kama Paul Klee.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi nyingi. Yeye na rafiki yake Franz Singer walifungua atelie Berlin, kisha Vienna. Walitengeneza nguo za madirisha, vyumba vya nyumba, na viti na vitanda vya kukunjwa kwa ajili ya watu wenye vyumba vidogo. Karibu mwaka wa 1930 walipanga vyumba na vyombo vya shule ya watoto wadogo katika Goethehof, jengo kubwa ambamo leta ya mji wa Vienna ilipangisha jamaa za wafanyakazi. Katika mapendo hakuwa na bahati ile: Singer alioa mwanamke mwingine, na Friedl, aliyetamani sana kuzaa, hakupata mtoto hata siku moja. Watu wengi walioandika juu yake wanatafuta pale sababu ya upendo wake kwa watoto wa wengine. Inawezekana. Mimi naona tusisahau pia kwamba alikuwa amekwisha kuanza kufundisha walimu wa watoto wadogo mjini Vienna, na kwamba kazi hiyo aliijua vizuri. Upendo peke yake haufundishi mtu namna ya kushika darasa.

Kisha siasa ikaingia nyumbani mwake. Friedl alikuwa mkomunisti. Mwaka wa 1934, serikali ya Austria ilipovunja vyama vya wafanyakazi kwa nguvu za silaha, polisi walimkamata juu ya paspoti za uongo. Akaulizwa maswali, akafungwa. Alipotoka alikimbilia Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, na huko alifanya mambo mawili ambayo yanaeleza maisha yake yote ya nyuma. Kwanza, alienda kwa daktari wa mambo ya moyo na akili, Annie Reich, ambaye naye alikuwa mkimbizi, ili azungumze juu ya yale aliyobeba ndani. Pili, alichora maulizo ya polisi: yeye mwenyewe amekaa mbele ya yule anayemwuliza. Jambo ambalo lingeweza kumnyima usingizi alilitoa kichwani, akaliweka juu ya ubao, mahali anapoweza kulitazama na kulizunguka. Kwa hiyo, alipoanza kusaidia wengine kwa njia ya kuchora, alikuwa amekwisha kujaribu dawa hiyo juu yake mwenyewe.

Prague wakati ule ilijaa jamaa zilizomkimbia Hitler kutoka Ujerumani na Austria. Friedl alikusanya watoto wa wakimbizi hao na kuwafundisha kuchora. Msichana mmoja kutoka Vienna, Edith Kramer, alikuwa mwanafunzi wake na msaidizi wake. Kramer ndiye aliyeona, akiwa karibu na Friedl, kwamba picha ya mtoto inaonyesha kama ametikisika, na kwamba picha hizo zinabadilika pole pole mtoto anapopata mtu wa kumtegemea.

Mwaka wa 1936 Friedl aliolewa na binamu yake, Pavel Brandeis, mtu mpole wa kazi ya hesabu. Mwaka wa 1938 walihamia Hronov, mji mdogo karibu na mpaka wa Polandi, na wote wawili wakapata kazi katika kiwanda cha nguo. Friedl alipata visa ya kwenda Palestina. Pavel hakupata. Alibaki. Edith Kramer yeye aliondoka mwaka uleule kwenda New York.

Wajerumani walipoteka inchi, Wayahudi waliondolewa kazini, kisha nyumbani. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1942 zamu ya Friedl na Pavel ikafika. Kila mtu aliruhusiwa kubeba kilo 50. Ilikuwa majira ya baridi kali, na kila mtu mwenye akili alijaza nguo nzito na chakula. Friedl alitumia sehemu kubwa ya kilo zake kubeba karatasi, rangi na makreyo. Mashuka alikuwa ameyatia rangi mbele ya safari, akifikiri kwamba watoto wanaweza kuyatumia katika mchezo wa kuigiza: shuka la rangi ya majani, mtoto akijifunika, ni msitu.

Terezín ilikuwa mji wa askari, wenye kuta nene, uliojengwa katika karne ya 18. Wanazi waliugeuza geto. Zaidi ya watu 140,000 walipelekwa huko katika vita. Karibu 33,000 walikufa humo kwa njaa na magonjwa, na karibu 88,000 walisafirishwa tena kwenda kuuawa mashariki. Watoto wengi walitengwa na wazazi wao na kuwekwa katika nyumba za watoto, wakilala juu ya vitanda vya ngazi tatu. Wasomaji wetu waliopita katika kambi hawana haja ya kuelezwa namna gani mtoto anavyozeeka mbele ya wakati. Tofauti ni kwamba Terezín hapakuwa mahali pa kungojea amani. Kila wakati orodha ya majina ilitoka, na watu walioandikwa hawakuonekana tena.

Friedl alikaa katika nyumba ya wasichana iliyoitwa L410. Shule ilikatazwa na Wajerumani, lakini kuimba, kazi za mikono na kuchora viliachwa kama mchezo, na walezi Wayahudi waliosimamia watoto walipitia mlango huo mdogo. Karatasi zikiisha, waliokota za kufungia vitu na fomu za biro zilizokwisha kuandikwa upande mmoja. Ukitazama vizuri baadhi ya picha zile, unaona chini ya maua mistari na namba za karani.

Namna gani alifundisha? Hapa watu wengi wanakosea. Wanafikiri aliwaambia watoto wachore mateso yao ili wayatoe moyoni. Hakuanza hivyo. Alianza kama Itten: pumua, legeza mkono. Kisha aligonga mdundo, na watoto wakaufuata kwa kreyo, mistari mizito, mistari mepesi, duara, duara. Baadaye aliweka kitu kimoja mbele yao, ao aliwaonyesha picha ya mchoraji mkubwa wa zamani, na kuwaomba watafute ndani yake giza liko wapi na mwangaza uko wapi. Waliikata karatasi vipande na kuibandika kuwa mlima ao nyumba. Baada ya mazoezi hayo ndipo kila mtoto aliachwa huru. Wengi walichora nyumba ya kwao, meza yenye chakula, bustani, vipepeo, njia inayopita kati ya miti. Wengine walichora vitanda vya geto, foleni ya chakula, askari. Hakuwasukuma kuelekea upande mmoja wala mwingine.

Mwezi wa saba mwaka wa 1943 palifanyika maonyesho ya picha za watoto ndani ya geto, chini ya jengo moja, na Friedl alieleza walezi wenzake maana ya kazi yake. Andiko lake limebaki. Ndani yake anasema wazi kwamba hakusudii kutengeneza wachoraji. Anataka kufungua nguvu ya mtoto, kumzoeza kuona na kuamua peke yake, kumpa uhuru mahali ambapo vingine vyote vimefungwa. Na anawauliza wakubwa kwa nini wana haraka ya kugeuza watoto wafanane nao, kana kwamba wao wenyewe wamefurahishwa sana na namna walivyo. Kwa mtu mwenye njaa, ndani ya geto, kuandika neno kama hilo kunahitaji kichwa kitulivu kabisa.

Kuna swali ambalo haliwezi kuepukwa. Tarehe 23 mwezi wa sita mwaka wa 1944 Wanazi waliwaleta wajumbe wa Msalaba Mwekundu kutembelea Terezín, baada ya kupaka nyumba rangi na kupanda maua, ili dunia iamini kwamba Wayahudi wanaishi vizuri. Je, mtu aliyefundisha watoto kuchora vipepeo hakusaidia uongo huo? Na kulikuwa na faida gani kutuliza moyo wa mtoto ambaye ataondolewa juma lijalo? Jibu langu ni hili: Friedl hakufanya kazi kwa ajili ya wageni, na hakuwaambia watoto kwamba kuchora kutawaokoa. Wachache waliobaki wazima walipokuwa watu wazima walisimulia kwamba katika masaa yale hofu ilipungua, na walijisikia kuwa watu. Saa moja bila hofu haikuzuia gari la moshi. Lakini mtoto aliyepata saa hiyo aliipata kweli, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya tena.

Tarehe 28 mwezi wa tisa 1944 Pavel alipelekwa Auschwitz, katika safari kubwa ambazo, kwa mwezi mmoja, ziliondoa watu karibu 18,000 kutoka Terezín. Friedl aliomba kumfuata. Wako wanaosikitika kwamba aliwaacha wanafunzi wake. Kwa kweli wengi wao nao walisombwa majuma yale, wengine pamoja naye. Aliuawa tarehe 9 mwezi wa kumi, bila kumwona Pavel, ambaye alibaki mzima na kuishi mpaka 1971.

Edith Kramer, kule Marekani, alianza karibu mwaka wa 1950 kuchora pamoja na vijana wenye maisha magumu katika shule ya Wiltwyck, jimbo la New York. Mwaka wa 1958 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo, na akawa mmoja wa walioiweka katika masomo ya vyuo vikuu. Mpaka kifo chake mwaka wa 2014 alimtaja Friedl kuwa mwalimu wake.

Zile valizi 2 zilifichwa katika nyumba ya wasichana. Baada ya vita, mwaka wa 1945, Willy Groag, msimamizi wa nyumba hiyo, alizipeleka Prague kwa jumuia ya Wayahudi. Leo picha zinahifadhiwa na Jumba la Makumbusho la Wayahudi, na sehemu yake inaonyeshwa katika sinagogi ya Pinkas, katika mji ule ule. Friedl alikuwa na sharti moja katika darasa: mtoto akimaliza, aandike jina lake juu ya picha. Katika geto ambamo kila mtu alikuwa namba ya safari, alitaka waandike jina. Kwa sababu hiyo watu wa makumbusho waliweza kuchukua orodha za magari ya moshi, kuziweka karibu na karatasi zile, na kujua, kwa picha nyingi, ni mtoto gani aliyechora, alikuwa na miaka mingapi, na siku gani aliondoka.